Kilo Kumi na Tatu za Mwamvita

Mwamvita wa Isevya alianza kunenepa wakati ambao hakuna mtu mwingine Tabora aliyekuwa ananenepa, na hilo ndilo lililomponza. Angenenepa mwaka wa neema, watu wangesema khanga zinamkaa vizuri, mambo yakaishia hapo. Lakini unene wake uliiva mwaka wa themanini na tatu, sukari ikiwa ya foleni, sabuni ya foleni, mafuta ya kula yanasubiriwa stesheni kama mgeni wa heshima, na redio kila jioni ikitaja majina ya walanguzi waliokutwa na magunia chini ya vitanda. Na juu ya yote hayo, alikuwa muuzaji wa duka la ushirika.

Duka lenyewe mngeliona mngelihurumia. Rafu ya kwanza ilikuwa na mitego ya panya. Rafu ya pili ilikuwa na mitego ya panya, ila ya ukubwa mwingine. Rafu ya tatu ilikuwa na vumbi, na Mwamvita alilifuta kila asubuhi kwa sababu kanuni za ushirika zilitaka rafu zifutwe. Sukari ilipokuja, na haikuja mara nyingi, alisimama nyuma ya mizani akawapimia watu kilo moja kila nyumba, kwa orodha ya wajumbe wa nyumba kumi kumi. Watu walikuwa wanaitazama ile kilo yao ikimiminwa, kisha wanayatazama mashavu ya Mwamvita. Mashavu yalikuwa mazuri, ya mviringo, yanang'aa.

"Hee," walisema wakitoka. "Sukari yetu imepata pa kukaa."

Sasa ukweli wa mashavu yale waliujua watu wawili tu Tabora nzima: Mwamvita mwenyewe, na Nesi Pelagia wa kliniki ya akina mama.

Mwamvita alikuwa na watoto saba. Wa saba alimzaa kwa shida, akatokwa damu hadi wanawake waliokuwa naye wakaanza kulia kabla ya wakati. Alipopona alijiambia kimoyomoyo kwamba wa nane atazikwa pamoja na mama yake. Hakumwambia mumewe, kwa sababu mumewe, Shomari fundi bati, alikuwa amekwisha kusema neno lake. Siku moja barazani, walipomsimulia habari ya bwana mmoja aliyekuta vidonge vya kuzuia uzazi chini ya mto wa mkewe, Shomari aliweka nyundo chini akasema, "Ningekuwa mimi, talaka saa hiyo hiyo, chai ingenikuta nimeshaandika." Mwamvita alikuwa anapepeta mchele uani. Alisikia kila neno.

Basi mwezi wa pili wa mwaka wa themanini na mbili alijifunika ushungi, akaenda kliniki ya upande wa Ipuli, mbali na macho ya majirani. Nesi Pelagia alikuwa mtu wa Kigwa, Mkatoliki wa rozari, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu waliokaa mwisho wa foleni. Alimpima presha, akampima uzito, akamkagua matiti kama kuna uvimbe, akamuuliza kama amewahi kuugua manjano. Kisha akashika kalamu.

"Mume anajua?"

"Anajua nimekuja kliniki."

Nesi alizitazama kadi za watoto saba alizokuja nazo Mwamvita, zimefungwa kwa uzi. Akaandika: *Anajua.*

"Sasa nisikilize vizuri, mama, maana sitaki uje unililie kwamba nilikuficha," akasema. "Sindano hii ni ya miezi mitatu. Damu yako ya mwezi itapoteza adabu. Itakuja bila kuitwa, itakaa siku kumi, mara nyingine itapotea kabisa. Ikipotea usiogope, haijajikusanya tumboni, huo ni uongo wa mtaani. Lakini ikitoka nyingi, vitambaa vinalowa saa kwa saa, usikae nyumbani kutafuta mizizi. Njoo. Kichwa kikikuuma namna hujazoea, macho yakaingia ukungu, mguu mmoja ukavimba na kuuma, kifua kikabana, njoo siku hiyo hiyo, hata kama kuna foleni pita mbele useme nimekuita mimi. Kuna wanaonenepa. Na ukitaka mtoto, ukiacha leo hupati kesho, inaweza kuchukua hata mwaka."

"Mtoto sitaki, nesi."

"Nimekwambia ujue. Sikukuuliza."

Akachomwa. Kadi akaitia katikati ya kadi za watoto, ndani ya mkoba wa kitambaa uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango. Nyumbani kwa Shomari hapakuwa na mahali pa siri kama pale, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyewahi kufungua mkoba wa kadi za kliniki tangu dunia iumbwe.

Yale ya damu yalianza mapema. Mama mkwe wake, Bi Tatu, alikuwa anaishi nao, na alikuwa mtu wa kuhesabu sala za nyumba nzima. Aliona mkeka wa kusalia wa Mwamvita umekunjwa siku saba, siku kumi, kumi na tatu.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe na Mola wako mmekosana?"

Mwamvita aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Akaenda kwa mwalimu wake wa madrasa, mwanamke mtu mzima, akamweleza kwa kunong'ona. Mwalimu akamwambia ahesabu siku alizozizoea tangu usichana. Zinazozidi hapo ni za ugonjwa, aoge, asali, aache kujitesa. Basi akakunjua mkeka. Bi Tatu akanyamaza, ingawa alibaki anahesabu.

Halafu ikaja njaa. Ilikuwa njaa ya ajabu, inayomwamsha mtu kuuliza jikoni kuna nini. Jikoni hakukuwa na kitu cha maana, ila dada yake aliyeolewa Kigwa alikuwa anamletea kwa gari moshi viroba vya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo havikuwa vya foleni wala vya kadi. Mwamvita alitafuna matobolwa akifua, akapika akitafuna, akaenda dukani na mengine yamefungwa kwenye pindo la khanga. Kilo zikaja mbili mbili, kimya kimya, kama wageni wanaohamia bila kuaga walikotoka.

Na aliyefurahi kupita wote alikuwa Shomari.

Shomari alikuwa mwembamba kama waya anaofungia vishikio vya koroboi. Kazi ilikuwa imedoda kwa sababu makopo yalikuwa yameadimika. Lakini mkewe alikuwa ananawiri, na kwake hilo lilikuwa kazi ya mikono yake iliyobaki. Barazani, kahawa ikipita, alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kuanza.

"Mtazameni yule. Mwanamke akitulizwa anaonekana. Nyie wenzangu wake zenu wamekauka kama mbao, mnajiuliza kwa nini? Matunzo, ndugu zangu. Matunzo tu."

Wenzake walinywa kahawa wakitafakari. Mmoja alijaribu kumtunza mkewe wiki nzima, hakuona kilo hata moja, akakata tamaa.

Hapo ndipo mambo yalipomfikia Ndugu Dionis, katibu wa tawi.

Ndugu Dionis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ripoti. Na ile operesheni ya kusaka walanguzi ilikuwa imemletea matatizo makubwa: kila tawi lilitakiwa kupeleka majina wilayani, na tawi lake halikuwa na mlanguzi hata mmoja. Tawi la jirani lilipeleka wanne. Jingine lilipeleka watatu na punda. Kwenye kikao cha makatibu walimuuliza mbele za watu, "Ndugu Dionis, huko kwenu mmelala?" Alirudi Isevya ameumia. Tawi lisilo na mlanguzi lilionekana halina mwamko.

Kwanza alipeleka mgambo kupekua nyumba ya Mwamvita. Mgambo walitazama chini ya vitanda, wakachoma pipa la mpunga kwa fimbo, wakafunua darini. Walikuta kiroba cha matobolwa, wakasimama juu yake nusu saa wakibishana kama matobolwa ni bidhaa adimu au si adimu. Mmoja akatia mkono ndani ya mkoba nyuma ya mlango. Yule mgambo akatoa kadi ya chanjo ya surua, akaitazama, akairudisha upesi kama mtu aliyeingia bafu lenye watu.

Hawakupata kitu. Kwa hiyo Ndugu Dionis akaja na mbinu mpya.

"Ndugu wananchi," akasema, "sukari inapimwa. Anayeipima naye apimwe."

Ikaamuliwa kwamba kila Jumamosi, mbele ya kamati, Mwamvita apande kwenye mizani ya duka, ile ya magunia, yenye bamba la chuma chini na jiwe la kusogeza juu. Alivua kandambili, akapanda, akashikilia ukingo. Ndugu Dionis alisogeza jiwe kwa kidole kimoja, ameuma ulimi, kisha akaandika kwenye daftari la duka: *Sukari, hakuna. Mitego ya panya, mia moja arobaini. Muuzaji, kilo sitini na tano.* Jumamosi ya pili: *Sukari, hakuna. Mitego, mia moja arobaini. Muuzaji, kilo sitini na sita.*

"Mnaona!" akasema. "Kila kitu kimesimama, anayepanda ni yeye tu."

Ukaitishwa mkutano wa wanachama, Jumapili alasiri, kwenye kivuli cha ukuta wa duka. Mambo yalikuwa wazi: Mwamvita aeleze unene wake umetoka wapi, la sivyo Jumatatu jina lake linakwenda wilayani. Na waliopelekwa wilayani siku zile waliwekwa ndani kwanza. Maswali yalifuata baadaye, yalipopata nafasi.

Jumapili ile Mwamvita aliifunga ile kadi ya sindano kwenye pindo la khanga, bila kujua kama ataitoa. Akiitoa, anapona kwa wilaya, anakufa kwa mume. Asipoitoa, watoto saba watalala na nani? Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi, upande wa kisogo.

Ndugu Dionis alizungumza kwa kirefu juu ya kupe na mirija ya unyonyaji. Kisha akauliza, "Nani atamtetea?"

Shomari akainuka. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi.

"Mimi. Huyu mke wangu, na unene huu ni wangu. Nimeufanya mimi."

"Kwa kitu gani, Ndugu Shomari?"

"Kwa matunzo."

"Na wewe mwenyewe mbona umekauka?"

Watu wakacheka. Bi Mwanajuma, jirani yao, aliyekuwa muuza vitumbua enzi za mafuta, alicheka kuliko wote. Shomari akaona baraza zima limemgeukia. Na mwanamume akishachekwa mbele ya mkewe, akili huvua viatu ikakimbia.

"Mimi nakosa ili yeye asikose!" akafoka. "Mke wangu hapungukiwi kitu!"

"Hapungukiwi kitu?"

"Kitu chochote!"

"Hata sukari?"

"Hata sukari!"

"Andika hapo," Ndugu Dionis akamwambia karani wake, na uso wake ukawaka kama wa mtu aliyepata mtoto wa kiume. "Andika na jina la mume. Tawi letu limepata wawili."

Shomari alibaki mdomo wazi, kidole bado hewani. Nyumba yao haikuwa na sukari tangu mwezi uliopita. Walikunywa chai kwa matobolwa. Lakini kulirudisha neno lile sasa ni kusema mbele ya Isevya nzima kwamba hamtunzi mkewe, na Mwamvita, aliyemjua kwa miaka kumi na sita, alimwona akimeza mate na kuamua kwenda jela.

Akasimama. Akafungua pindo.

"Futa jina la mume wangu," akasema. "Hajaniletea sukari. Hajanifanya chochote masikini ya Mungu. Someni hii."

Ndugu Dionis akaipokea kadi, akaisoma kwa sauti kwa sababu alikuwa na mazoea ya kusoma kila kitu kwa sauti. "Mwezi wa pili, themanini na mbili. Uzito, hamsini na tatu. Mwezi wa tano, hamsini na tano. Wa nane, hamsini na saba. Wa kumi na moja, sitini. Mwaka huu mwezi wa pili, sitini na mbili…" Akasita. "Sindano. Sindano. Sindano. Ndugu Mwamvita, hizi sindano za nini?"

"Za kupumzika kuzaa."

Karani akaweka kalamu chini.

"Na dukani nimeanza mwezi wa tatu mwaka huu," Mwamvita akaendelea. "Kilo tisa nilikuwa nazo kabla sijashika ufunguo wenu. Nesi aliniambia kuna wanaonenepa. Nikanenepa. Aliniambia damu itapoteza adabu, ikapoteza. Basi. Kama sindano ni bidhaa adimu, nipelekeni."

Hakumtazama Shomari. Aliona tu kanzu ikishuka polepole mpaka chini, ikikaa.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Bi Mwanajuma. "Mwamvita, hiyo damu, ni kweli inaweza kukauka kabisa?"

"Yangu ilikauka miezi minne."

"Na haivimbishi tumbo?"

"Nesi anasema ni uongo."

"Na ukitaka kuzaa tena?"

"Unasubiri. Hata mwaka."

Wanawake wakasogeza mikeka. Ghafla mkutano wa walanguzi ukawa na wanachama wa upande mmoja tu, wanauliza maswali ambayo wanaume waliyasikiliza wakitazama anga, paa, na vidole vya miguu yao. Ndugu Dionis aligonga meza. "Ndugu zangu! Turudi kwenye ajenda! Ajenda ni unene!"

"Ni kweli," akasema Bi Mwanajuma. "Tusitoke kwenye unene. Katibu, na wewe panda."

"Mimi si mfanyakazi wa duka."

"Ulipokuja hapa mwaka juzi ulikuwa unafungia suruali kwa kamba. Leo kifungo kinalia. Panda, ndugu, tuandike."

Alijaribu kutaja kanuni. Lakini wanawake walikuwa wamesimama, na wanaume, waliokuwa wanatafuta kitu chochote cha kutazama kisichokuwa habari za damu, nao wakapaza sauti: apande, apande. Akapanda na viatu. Jiwe lilisogezwa, likasogezwa tena, likafika themanini na nne.

Bi Mwanajuma akakaribia akalitazama kwa makini, akapiga makofi mara moja.

"Haya, Ndugu Katibu. Na wewe sindano yako unachomewa wapi?"

Mkutano haukufungwa, ulimwagika. Ripoti iliyokwenda wilayani Jumatatu ilisema kwamba kikao kimeridhika kuwa unene wa muuzaji ni wa kitaalamu, na kwamba tawi linaendelea kuwa macho.

Nyumbani, Shomari hakuandika talaka. Siku tatu alipiga bati tangu alfajiri, bati ambalo halikuwa linahitaji kupigwa, mpaka Bi Tatu akatoka na fimbo yake akasimama mbele yake.

"Unamnunia nani? Mimi nilizaa kumi na mmoja, nikazika sita. Sindano hiyo ingekuwapo ningechomwa hata shingoni."

Siku ya nne Shomari alimkuta Mwamvita uani, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mama Saidi."

"Bee, baba Saidi."

"Mwaka na nusu najisifu barazani. Kumbe zile kilo ni za nesi."

"Ndiyo hivyo."

"Zote?"

Mwamvita alimtazama: shingo nyembamba, mikono yenye makovu ya mabati. Alikuwa amejiandaa kwa talaka, kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa huzuni ya namna hii hakuwa amejiandaa.

"Labda moja ni yako," akasema. "Mbili nisikudanganye."

Shomari akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea haki yake. Kisha akauliza, "Hicho kichwa unachokishika tangu juzi, nacho kiliandikwa kwenye kadi?"

"Nesi alisema kikiuma namna hujazoea, uende."

"Na hujakwenda?"

"Ningekwenda vipi, na wewe unapiga bati?"

Walikwenda kesho yake asubuhi. Shomari alitangulia hatua ishirini mbele, ili watakaomwona wadhani anakwenda kutafuta makopo, lakini kila kona alisimama akajifanya anafunga kandambili mpaka mkewe amfikie.

Nesi Pelagia alifunga kitambaa cha presha mkononi mwa Mwamvita, akapampu, akasikiliza, akapampu tena. Uso wake haukucheka.

"Mia na sitini na tano juu ya mia na tano. Mama, sindano leo sikuchomi. Wala kesho."

Mwamvita akautazama ule mkono uliofungwa kitambaa. Alikuwa ameshinda wilaya, ameshinda baraza, na sasa anashindwa na mkono wake mwenyewe. Aliona mimba ya nane imesimama mlangoni, inasubiri aitwe.

"Nichome tu, nesi. Kichwa nitavumilia."

"Kichwa hakivumiliwi. Presha ya hivi inaangusha watu wakiwa wanachota maji. Utakwenda kwa daktari, utapewa vidonge vya kuishusha, na hii sindano tunaiacha."

Shomari alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu ndani palikuwa pa wanawake. Aliingia.

"Samahani, nesi. Sasa unamwacha hivi hivi? Akibeba mimba na presha hii?"

"Ndiyo nilitaka kusema, kama ungenipa nafasi. Kuna kitanzi. Kinawekwa ndani, hakina dawa ya kupandisha presha wala ya kumletea ile njaa. Anakiweka daktari. Lakini nacho kina maneno yake."

"Kiweke," akasema Shomari. "Kiwekeni leo."

"Baba Saidi," akasema Mwamvita.

"Eeh?"

"Nyamaza kwanza. Kinawekwa kwa nani, kwako?"

Akina mama wa kwenye foleni walijifanya wanawatazama watoto wao.

Mwamvita alishusha mkono wa gauni, akakaa vizuri kwenye kiti. "Nesi, niambie maneno yake. Yote, kama siku ile. Kinauma? Damu itakuwaje? Nikikihisi kimetoka nifanye nini? Sitajibu leo mpaka nimesikia. Na huyu asiende nje. Asikie, ili siku akitaka kujisifu barazani ajue anasema nini."

Nesi Pelagia akamwonyesha Shomari benchi, kati ya mama mmoja anayenyonyesha na mwingine mwenye mimba kubwa. Shomari akatazama mlango, akatazama benchi. Akavua kofia, akajibana katikati, akaweka mikono juu ya magoti.

"Mwezi wa kwanza," akaanza nesi kwa ile sauti yake ya kufika mwisho wa foleni, "damu itakuwa nyingi."